Haki ya Jirani wa Chini ya Mto

Tunapofungua daftari la mtoto, hatukumbuki kwamba karatasi ile ilianza ikiwa karibu maji matupu. Rojo linalomwagwa juu ya wavu wa mashine huwa na nyuzinyuzi za mti sehemu 1 katika 100, au pungufu. Zilizosalia ni maji. Kazi yake ni kuzibeba nyuzinyuzi na kuzitandaza sawasawa. Yakishachuruzika hayajawa takataka.

Hapo ndipo swali la haki linapozaliwa. Kiwanda chaweza kuyamwaga mtoni na kuteka mengine. Au chaweza kuyakusanya, kuyachuja, na kuzimulia rojo jipya. Njia ya pili huokoa maji, nyuzinyuzi na joto pamoja.

Hata hivyo tusidanganyane. Maji yanayozungushwa mno hujaa chumvi, ute wa vijidudu na harufu mbaya. Lazima yasafishwe njiani, na yale yatakayotoka yasafishwe kabla ya kuufikia mto.

Kiwanda cha karatasi cha Webuye, nchini Kenya, kilijengwa kando ya Mto Nzoia, uendao Ziwa Viktoria. Kati ya kiwanda na ziwa wapo watu wanaoteka, wanaofua na wanaonywesha mifugo.

Basi popote kiwanda cha namna hii kinapoomba maji, tuulize: mangapi yatatumika tena, na yanayotoka yamesafishwaje? Kuuliza hivyo si kupinga ajira za ndugu zetu; ni kumtetea jirani asiyekuwapo mezani.