Siku Saba za Kukaa Kimya

Twajua wengine mmefungua redio mkiwa jikoni, na wengine mmekwisha kujitwika kikapu mgongoni, maana majani ya chai hayamngoji mtu. Hatutawakawisha. Somo letu la leo liko katika kitabu cha Ayubu, mwisho wa mlango wa pili. Mkirudi nyumbani mlisome wenyewe.

Habari yake mnaijua. Rafiki watatu wa Ayubu walisikia yaliyompata, wakafunga safari kila mmoja kutoka kwao, wakamkuta ameketi majivuni. Wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno. Sisi wahubiri tumezoea kuwalaumu watu hawa kwa maneno waliyosema baadaye, nayo ni mengi. Lakini zile siku saba walifanya vema. Kosa lilianza walipofungua vinywa.

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo katika vilima hivi vya Kericho na Bomet halitajwi mimbarani ila kwa kulaani, na nyumbani halitajwi kabisa. Ni habari ya watoto wetu, wavulana na wasichana, ambao wanapokua hujikuta mioyo yao yavutwa kwa wenzao wa jinsia yao. Mitaani wamepewa majina, na majina hayo hatutayasema hapa. Kama watoto wadogo wako karibu, msiwafukuze. Hatutanena la kuwadhuru.

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi wa Oktoba, wakati wakulima wadogo wanapongojea bonasi ya kiwanda, mama mmoja alikuja katika ofisi ya parishi. (Wote tutakaowasimulia wameturuhusu, na mambo madogo tumeyabadili ili wasijulikane.) Alikuwa bado amevaa mabuti yenye tope la shambani. Akatuambia kwamba mwanawe wa kiume, aliyemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, amefukuzwa na baba yake usiku, baada ya baba kusoma ujumbe katika simu ya kijana. Mama hakuja kuuliza habari za mafundisho. Alikuja na swali moja: je, ni dhambi akimtumia kijana huyo fedha za chakula?

Nasi tulifanya nini? Tulifungua Biblia. Tukamsomea mistari minne au mitano, tukaieleza kama tulivyofundishwa chuoni, tukaomba kwa sauti kubwa kwa muda mrefu. Akasema, "Asante, Pasta," akaenda zake. Swali lake hatukulijibu. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, wala iliyofuata, na Krismasi hakuonekana katika Ushirika Mtakatifu.

Tulimkuta mwezi wa Februari kwenye kituo cha kununulia chai, akingoja karani apime majani yake. Tukamwuliza, "Mama, mbona umetupotea?" Alitutazama kitambo, kisha akasema kwa upole, "Pasta, uliniombea sana. Lakini hukuniuliza jina lake."

Ndugu zangu, tulirudi ofisini tukaitoa rejista ya kipaimara. Jina la kijana lilikuwamo, limeandikwa kwa mwandiko wetu wenyewe. Tulimfundisha darasa la kipaimara miezi sita. Ndiye aliyekuwa akifika mapema kupanga viti. Basi mama alipoketi mbele yetu akilia, hatukujua analia kwa ajili ya nani, kwa sababu tulikuwa na haraka ya kujibu.

Tukaenda nyumbani kwake, wakati ambao mume wake hayupo, pamoja na mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama. Safari hii hatukufungua Biblia mpaka mwisho. Alisema kwa saa mbili. Kumbe alikuwa akimtumia mwanawe fedha siku zote, shilingi mia mbili, shilingi mia tatu, kwa simu ya jirani, na kila alipotuma aliamini anatenda dhambi, na alituma vivyo hivyo. Hatujui kama tumewahi kukutana na imani ya namna hiyo.

Kijana alikuwa Nakuru, anaosha magari. Tulimfuata, tukanywa chai pamoja katika hoteli ndogo karibu na stendi. Alituambia kwamba alipokuwa na miaka kumi na miwili alidhani ni yeye peke yake katika vilima hivi vyote. Alifunga kula. Alikwenda kwenye mikesha ya maombi mara tatu, moja wapo ni ile tuliyoiongoza sisi, akiomba aondolewe jambo hili. Alipofika kidato cha tatu alipata simu, ndipo akasoma habari za Binyavanga Wainaina, yule mwandishi aliyezaliwa Nakuru papo hapo mwaka 1971.

Wengine mtamkumbuka. Mwezi wa Januari, 2014, mwandishi huyo alitangaza hadharani kwamba yeye ni mtu wa namna hiyo, na alitangaza kwa njia ya makala aliyomwandikia mama yake. Naye mama alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 2000. Mle ndani anajiwazia ameketi kando ya kitanda cha mama mgonjwa, anamwambia lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Asema hakumwamini mama yake kiasi cha kumwambia. Wainaina alifariki tarehe 21 Mei, 2019. Kijana wetu alisema, "Pasta, mimi wangu yuko hai, na anajua. Kwa hiyo mimi nina bahati." Aliyasema hayo akiwa amevaa viatu vilivyopasuka.

Kuna watakaosema kwamba mambo haya yamekuja kwa ndege kutoka Marekani. Nasi tulisema hivyo zamani. Ni kweli kwamba huko yamebadilika upesi katika maisha ya mtu mmoja. Mtoto aliyezaliwa Marekani mwaka 1950 alikua akiambiwa ana ugonjwa wa akili. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili kikaliondoa jambo hilo katika orodha ya magonjwa. Mwaka 2003 Waanglikana wenzetu wa huko wakamweka wakfu Gene Robinson kuwa askofu, na Kanisa letu la Kenya likapinga vikali. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu yao ikaruhusu ndoa za namna hiyo katika majimbo yote. Hayo yote twayajua kwa kuyasikia redioni.

Lakini sikieni habari ya mzee mmoja wa huku kwetu. Alizaliwa kabla ya Uhuru, na miaka ya sabini alikuwa kijana mchumaji katika shamba kubwa la chai, akiishi katika nyumba za kambi. Hajapanda ndege. Hajui kusoma Kiingereza. Alitahiriwa na wenzake wa rika, akapelekwa kuposa, akaoa, akazaa watoto watano. Alitujia baada ya ibada moja, akangoja watu wote waondoke, akasema tangu ujana wake alikuwa hivyo, na kwamba hakuwa na neno la kulitaja jambo hilo kwa Kikipsigis wala kwa Kiswahili. Kilichomliza si yeye mwenyewe. Alisema, "Mke wangu alikuwa mwanamke mwema. Nilimdanganya miaka thelathini na minane. Alikufa akidhani kasoro ilikuwa yake."

Hapo hatukuwa na mstari wa kumsomea. Tulikaa naye mpaka jua likatua.

(Twatia neno hapa kwa ajili ya wageni wanaoandika juu ya mila zetu. Katika desturi ya Wakipsigis na Wanandi, mama mzee asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwoa msichana ili amzalie watoto wa kuendeleza nyumba yake. Hiyo ilikuwa habari ya mlango na urithi, wala haihusiani na jambo tunalolisema. Watu wasichanganye.)

Tena, kama twatafuta kilichokuja kutoka ng'ambo, sheria ndiyo iliyokuja kwa meli. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kile chenye kifungo cha miaka kumi na minne, tuliachiwa na Waingereza, nao kwao walianza kuilegeza sheria yao mwaka 1967. Tarehe 24 Mei, 2019, siku tatu baada ya kifo cha Wainaina, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukifuta. Tarehe 24 Februari, 2023, Mahakama ya Juu ilisema, majaji watatu kati ya watano, kwamba watu hawa hawawezi kunyimwa haki ya kusajili chama chao. Hatukuja hapa kuamua kesi za mahakama. Twayataja ili mjue kwamba kijana anayekua leo anasikia jambo lake likijadiliwa kila mahali, bungeni, mahakamani, na katika matatu, ila mezani kwao.

Nasi wachungaji? Mafundisho ya Kanisa letu kuhusu ndoa, kwamba ni ya mume mmoja na mke mmoja, twayajua, tumeapa kuyalinda, na hatukuja redioni kuyageuza. Lakini kuna jambo jingine ambalo Kanisa hilo hilo liliahidi, na ahadi hiyo haihubiriwi. Mwaka 1978 maaskofu wa Anglikana wa dunia yote walipokutana katika mkutano wa Lambeth, walihimiza kuzungumza na watu hawa. Wakarudia kusema juu yao mwaka 1988. Mwaka 1998, katika azimio lile lile ambalo sisi wa Afrika hulinukuu sana kwa sababu lilikataa matendo haya, maaskofu walijifunga kusikiliza maisha ya watu hao, wakasema wao hupendwa na Mungu, wakalaani kuwaogopa bila sababu. Sehemu ya kwanza tulikaririshwa chuoni. Ya pili tuliisoma wenyewe miaka mingi baadaye.

Twaukumbuka mwaka uliotangulia mkutano huo wa 1998. Tulikuwa shule ya bweni. Wavulana wawili walikamatwa, wakaletwa mbele ya paredi, wakachapwa, wakapewa masanduku yao. Mmoja alikuwa akilala kitanda cha juu ya chetu, na ndiye aliyetufundisha hesabu. Shule nzima ilicheka. Nasi tulicheka, kwa maana asiyecheka angeulizwa mbona hacheki. Hatujui alikokwenda. Tumemtafuta.

Turudi kwa mama yetu. Hatutawadanganya kwamba mambo yametengenea. Baba hajalegea. Tumekwenda kwake mara nne. Mara mbili alitukaribisha chai, mara mbili alitoka akaenda kukata nyasi za ng'ombe. Naye pia ana maumivu yake: alisema wenzake wa rika wanamcheka kilabuni, na kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza analalaje. Basi na huyo tunamwuliza.

Krismasi iliyopita kijana alikuja. Alishuka matatu mbali na kituo cha kwao, jioni, majirani wasimwone, akalala kwa shangazi yake ng'ambo ya mto. Mama alivuka gizani na chapati katika kitambaa. Kijana alituuliza kwa simu, "Nikija kanisani kesho, nitaketi wapi?" Tulimwambia, pale mama yako anapoketi, kiti cha tatu kutoka mbele, upande wa dirisha. Tulikiangalia kiti hicho ibada nzima. Mama alikuwa peke yake.

Kama kuna msikilizaji, mzazi au kijana, mwenye jambo la namna hii, na aandike kwa anwani ya kipindi, atie alama ya msalaba pembeni mwa bahasha. Bahasha zenye alama hiyo karani hazifungui, tunazifungua sisi. Hatutajibu upesi. Tutauliza kwanza.

Na tuombe. Ee Baba, wewe wamjua kwa jina. Mlinde huko Nakuru leo, na mikono ya mama yake ikachume salama kabla mvua haijanyesha. Amina.