Kuacha Kazi na Kushika Nyingine
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu)



Wenzetu wamekwisha kuwaeleza habari za ghala, mizani na mahesabu. Sisi tumeombwa tuseme juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari lo lote, nalo ni swali ambalo katika miaka hii kumi tumeulizwa karibu sawa na swali la bei: "Je, niache kazi hii nishike nyingine?"

Waulizao ni wa namna tatu. Yuko mkulima atakaye kung'oa mibuni apande kitu kingine. Yuko kijana atakaye kuuza sehemu yake ya kihamba akanunue pikipiki mjini. Na yuko mwalimu au karani aliyekaribia kustaafu, ambaye kila usiku aota kuku elfu moja watakaonunuliwa kwa kiinua mgongo chake. Wote watatu ni watu wetu, na wote watatu wastahili kuambiwa kweli.

Kwanza yatupasa kuungama. Katika mwaka wa pili wa Chama hiki tulisimama mkutanoni tukasema kwamba aiachaye kahawa amewasaliti wenzake. Maneno yale yalikuwa mabaya, na matunda yake yalikuwa mabaya zaidi. Waliokusudia kung'oa hawakuacha kung'oa. Waliacha kutuuliza tu. Mmoja wao alifyeka ekari nzima, akapanda miche ya maparachichi aliyouziwa njiani na mtu asiyemjua, na miche hiyo haikuwa ya aina aliyoahidiwa. Aliona haya kuja ofisini, hata watoto wake waliporudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Tulipopata habari, miaka miwili ilikuwa imepita. Mtu yule hakukosa akili. Alikosa mlango wa kubisha, nasi ndio tuliokuwa tumeufunga. Kwa hiyo leo hatuji kukataza, bali kushauri.

Shauri la kwanza: jua unakimbia nini. Je, umeichoka kazi yenyewe, au umeichoka bei ya mwaka huu, au deni? Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya kahawa yalivunjika, na bei ya dunia ikaanguka vibaya. Wakulima wengi walivunjika moyo, wakaitupa mibuni yao. Mwaka 1994 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ikapanda tena. Aliyekuwa ameng'oa alibaki kutazama malori yakipita. Mbuni huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa vema. Basi apandaye kwa sababu bei iko juu, na ang'oaye kwa sababu bei iko chini, aghalabu hukuta ameuza wakati mbaya na kununua wakati mbaya. Bei peke yake si sababu ya kutosha ya kuhama kazi. Lakini kama miti ni mizee, magonjwa yameizidi, nguvu zimepungua, au kihamba kimegawanywa hata hakitoshi kulisha nyumba, hizo ni sababu za kweli, wala mtu asione haya kuzitaja.

Shauri la pili: jaribu kidogo kwanza. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mnakumbuka mpango wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza katika nchi yetu mwaka 1947, huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Waliwahi kuleta matrekta kabla ya kuujua udongo. Mvua haikutosha, na udongo wa Kongwa ulipokauka ulikuwa mgumu hata karanga hazikung'oleka. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa zaidi ya paundi milioni 30. Ikiwa serikali yenye wataalamu na hazina iliweza kupotea hivyo kwa kutojaribu kwanza, mtu mwenye ekari mbili atajivunia nini?

Kinyume chake, tazameni mababu wa ushirika wenyewe, wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, ambao baadhi yao walikuwa wafumaji. Walichanga kidogo kidogo hata wakapata paundi 28, na mwezi wa Desemba 1844 walifungua duka la unga, siagi na sukari. Mwanzoni duka lile lilifunguliwa jioni tu, baada ya kazi. Hawakuacha vitambaa vyao siku ya kwanza. Basi wewe nawe, badala ya ekari nzima, anza na mistari michache. Badala ya kuku elfu moja, fuga hamsini ungali kazini, uone wangapi watakufa kwa kideri na nani atakayenunua mayai.

Shauri la tatu: hesabu miezi ya kungojea. Kila kazi mpya ina pengo kati ya kutoa na kupata. Tuseme nyumba yako hutumia shilingi 200,000 kwa mwezi, na zao jipya halileti kitu kwa miaka mitatu. Hiyo ni shilingi 7,200,000 za chakula, ada na dawa, mbali na gharama za miche na mbolea. Zitatoka wapi? Kama huna jibu, punguza eneo la kubadili, uache migomba na maharagwe yaendelee kuilisha nyumba.

Shauri la nne: muulize aliyeshindwa, usimwulize aliyefaulu peke yake, wala usimwulize auzaye miche. Mwaka 2000 kimbunga kiliharibu mashamba ya vanila ya Madagaska. Bei ilipanda ajabu hata mwaka 2003, na majirani zetu wengi wa Uganda walipanda vanila kwa pupa. Baada ya muda mfupi bei iliporomoka. Aliyesikia habari za mwaka 2003 peke yake alisikia nusu ya hadithi.

Shauri la tano: zungumza na watu wa nyumbani. Kazi mpya ya baba huwa ni kazi mpya ya mama na watoto pia. Aghalabu wao ndio watakaochota maji ya kunyweshea miche hiyo. Neno lililokatwa na mtu mmoja usiku hulipwa na nyumba nzima mchana.

Na la mwisho: ukiondoka, ondoka vema. Lipa deni lako, au njoo tupatane namna ya kulilipa. Usitoroke. Uanachama wa ushirika ni wa hiari. Mlango uliokuingiza ni ule ule utakaokutoa, nao haufungwi nyuma yako. Kijana aendaye mjini asiuze ardhi mwaka wa kwanza. Na aikodishe, apate mahali pa kurudi ikiwa mji haukumpokea.

Mabibi na Mabwana, twawaomba ninyi makatibu mtenge siku moja katika kila mwezi, katika kila chama cha msingi, ili mtu ye yote aje aulize swali hili pasipo kuchekwa. Chama hiki hakikuundwa kwa ajili ya kahawa. Kiliundwa kwa ajili ya watu waliolima kahawa. Mkulima akibadili zao lake, au hata kazi yake, yeye angali mwenzetu. Na yule bwana wa ekari moja, ikiwa yumo humu leo, tunamwomba radhi mbele yenu nyote, na tunamwambia kwamba mlango u wazi.