Kupima Ili Kufundisha: Tathmini ya Darasani Katika Shule za Garsen na Delta ya Tana

Utangulizi



Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika kote nchini Kenya mwaka 2019, tuliahidiwa kwamba mtihani mmoja hautamwamulia mtoto maisha yake. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Gredi ya 9 walipofanya KJSEA ya kwanza mwaka 2025, mtihani huo ulibeba asilimia 60 ya alama za kumpangia mwanafunzi sekondari pevu. Asilimia 20 zilitoka KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine zikatoka kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Sehemu ya kura ya mtoto sasa anaipiga mwalimu wake.

Hoja yangu ni moja: tathmini ya darasani ina maana pale tu inapobadilisha kipindi kinachofuata. Ikiishia kwenye fomu na kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, tumebadilisha jina la mtihani, basi.

1. Kosa lina chanzo chake

Tuchukue hesabu ya kutoa: 403 − 178. Jibu ni 225. Mwanafunzi wa kwanza ameandika 375, wa pili 335, wa tatu 581. Wote wametiwa alama nyekundu ya mkasi, wote wamepata sufuri. Lakini tukiyasoma majibu yenyewe, wa kwanza kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, hata pale ndogo ilipokuwa juu. Wa pili anajua kukopa, ila hapunguzi pale alipokopa. Wa tatu amejumlisha; huenda kutoa anakujua vizuri, alama tu hakuiangalia.

Hao ni watoto watatu wenye mahitaji matatu. Wa kwanza arudishwe kwenye thamani ya nafasi, kwa vijiti au kokoto. Wa pili afanye hesabu mbili tatu huku akieleza kwa sauti. Wa tatu aambiwe asome swali tena. Kuwaandikia wote "mbali na matarajio" hakumwambii mwalimu afanye nini kesho. Mkulima wa mpunga hapa deltani hangoji mavuno ndipo akague maji shambani; nasi tusingoje mwisho wa muhula ndipo tutafute chanzo cha kosa.

2. Tunapima hesabu au Kiingereza?

Darasa la Garsen lina watoto wanaozungumza Kipokomo, Kiorma na Kiswahili nyumbani. Kuanzia Gredi ya 4 wanafundishwa na kuulizwa kwa Kiingereza. Mtoto anayemhesabia babake mifugo jioni anaweza kushindwa na swali la ng'ombe waliouzwa sokoni kwa sababu ya maneno mawili matatu. Kabla ya kuamua kwamba hajui kutoa, mwalimu amuulize swali lilelile kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa. Akijibu, tatizo ni la kusoma na litibiwe hivyo. Tathmini za Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2009, zilionyesha mapema kwamba wako wanafunzi wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili.

3. Mtoto anayehama

Mto Tana unapofurika, familia huhamia sehemu zilizoinuka. Mwaka 2024 muhula wa pili ulicheleweshwa kote nchini kwa sababu ya mafuriko, shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Kiangazi nacho huwaondoa watoto wa wafugaji kufuata malisho. Mtihani wa mwisho wa muhula huwakuta wengine hawapo, na wanaorudi huketishwa pale darasa lilipofika. Kwa shule zetu, swali la kwanza baada ya mafuriko au kiangazi liwe: mtoto huyu ameishia wapi? Siku ya kwanza afanye zoezi fupi la kusoma aya moja na hesabu chache. Akipokewa na shule nyingine, awe na karatasi inayosema anachoweza na kinachomshinda. Alama tupu hazimsaidii mwalimu mpya.

4. Mapendekezo

Kwanza, kila kipindi kimalizike kwa swali moja ambalo kila mwanafunzi anajibu kwenye karatasi. Mwalimu azigawe karatasi mafungu matatu: wameelewa, wanakaribia, waanze upya. Hata kwa darasa kubwa inawezekana, kwa kuwa hasahihishi, anapanga tu.

Pili, walimu wa somo moja kutoka shule jirani wakutane mara moja kwa muhula, wasahihishe pamoja kazi zilezile. Bila hivyo, "kufikia matarajio" ya Tarasaa haitakuwa sawa na ya Minjila, na alama hizo zinachangia kuamua shule ya mtoto.

Tatu, mwalimu mkuu anapokagua rekodi, asiulize tu kama zimejazwa. Aulize: baada ya matokeo haya, ulifundisha nini tofauti?

Hitimisho

Hakuna pendekezo hapa linalohitaji tabuleti wala umeme. Mapendekezo haya yanahitaji muda, na muda huo utapatikana tukipunguza mitihani ya kununua inayofanywa muhula hadi muhula bila kurudiwa darasani. Naomba kikao hiki kiamue leo ni mitihani ipi kati ya hiyo tutaiacha kuanzia muhula ujao.