Jina la Mwana na Ndimi za Majirani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Nakivale na Mbarara)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya majina ya watoto wetu wanaume. Huenda mtu akadhani jambo hili ni dogo. Nami nalidhani hivyo, mpaka mwaka juzi alipokuja kwangu kijana mmoja wa Nakivale, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, na karatasi mbili mkononi. Baba yake alimwita Jamil. Kadi ya posho ilimwandika Jamali. Hati ya shule ilimwandika Jamiru. Na nyumbani mwao yupo ndugu yake, kwa baba mmoja, aitwaye Jamal hasa. Alipopata nafasi katika shule moja ya Mbarara, waliopokea karatasi zake walishuku kwamba ameiba nafasi ya nduguye. Muhula mzima alikaa nyumbani, hata hati ya kiapo ilipopatikana kwa wakili. Na gharama yake ilitoka katika mbuzi wawili wa mama yake.

Nani aliyekosa? Mimi sioni mwizi wala mzembe. Nakivale ilianza mwaka wa 1958, ikawapokea Wanyarwanda kwanza. Leo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo, na kila mmoja amekuja na ulimi wake. Mwalimu aliyezoea Kiganda huandika r baada ya i na e, na penginepo huandika l. Kwa hiyo Jamil kwake ni Jamiru, na Khalil ni Haliru; bali Karim hugeuka Kalimu. Hapo pana tofauti kubwa, maana Karim ni mkarimu, na Kalim ni mwenye kusema na Mola, lakabu ya Nabii Musa. Mnyankole naye hutumia r mahali petu pa l, na Ali kwake huwa Ari. Mkongomani husema Ramazani, na sisi Ramadhani.

Ndugu zetu Wasomali hawana z katika lugha yao. Zakaria kwao ni Sakariye, na Zaidi na Saidi hukaribiana mno masikioni. Tena tangu mwaka wa 1972 waliposhika herufi za Kilatini, ain huiandika c, na ha ya kooni huiandika x. Karani asiyejua hayo, akiona Cali, husoma Chali, na mtoto mwenyewe haitiki kwa sababu yeye ni Ali! Xasan sijapata kusikia karani aliyeweza kumsoma.

Na sisi wasemao Kiswahili tusicheke, kwa maana mkazo wetu daima huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwarabu ana Rashid wa kuvuta mwanzo na Rashid wa kuvuta mwisho. Ana Salim wawili vivyo hivyo, na kwake ni majina mbalimbali. Sisi tumewafanya Rashidi mmoja na Salimu mmoja. Wengi wetu wa bara kh tumeiacha, tukasema Halidi na Haliki kana kwamba ni ndugu. Khalid ni jina la mtu, maana yake mwenye kudumu. Khalik ni Muumba, wala mja haitwi hivyo ila kwa kutangulizwa Abdul. Karani akiikata Abdul kwa kuona jina ni refu, hapo baba asinyamaze, hata kama foleni ni ndefu na jua ni kali.

Sisemi tuwanyoshe majirani ndimi zao. Bibi yangu aliniita kwa matamshi yake mpaka alipofariki, nami niliitika kwa furaha. Nasemea karatasi tu. Siku ya akika, kabla nyama haijagawanywa, jina liandikwe kwa herufi za Kiarabu na za Kilatini, pamoja na maana aliyoikusudia baba. Kisha nakala hiyo ndiyo ionyeshwe kila mahali, kwenye posho, zahanati na shule, na mzazi asome kilichoandikwa kabla hajaondoka dirishani. Asiyejua kusoma na afuatane na mwanawe mkubwa.

Daftari limekwisha kununuliwa, nalo liko kwa Katibu. Ukurasa wa kwanza tumeandika Jamil, kwa herufi zote mbili, na mstari wa chini yake Jamal.