Kazi ya Shule Ikipewa Kontrakta
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi wa shule, Masii)



Nimeombwa niseme juu ya shule za serikali kuwapa makontrakta kazi zake. Leo ni ulinzi, kesho usafi, kesho kutwa jiko.

Hapa Ukambani madarasa mengi yalijengwa kwa mwethya na Harambee. Kina mama walibeba mchanga na maji, kila nyumba ikatoa ilichoweza. Basi shule ni mali ya watu, na watu wana haki ya kuuliza.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeipa Bodi ya shule kazi ya kuajiri na kulipa wafanya kazi wasio walimu. Hatusemi kila tenda ni mbaya. Darasa likiisha kujengwa, fundi huenda zake. Lakini chakula cha watoto hupikwa kila siku ya masomo, na lango hulindwa kila usiku. Kazi hiyo haina mwisho. Kontrakta akiichukua kwa bei ya chini, bei ya mahindi na sabuni haipungui kwa ajili yake. Kitakachopungua ni mshahara wako.

Shikeni mambo matatu. Kwanza, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9: kazi ya miezi mitatu au zaidi yataka mapatano ya maandishi, na ni juu ya mwajiri kuyaandikisha. Pili, kifungu cha 37: kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zikafika mwezi, huhesabiwa mtu wa mshahara wa mwezi. Kwa hiyo mtu asiitwe kibarua miaka mitatu. Tatu, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ulizeni: katika tenda hii mshahara wa mlinzi umehesabiwa kiasi gani? Nani atalipa NSSF? Waliopo watachukuliwa, au watafukuzwa?

Msingoje mpaka kontrakta awe langoni. Iandikieni Bodi kabla haijatia sahihi, na nyote mtie sahihi zenu. Kidole kimoja hakivunji chawa.