Likizo kubwa iwe mlango wa sekondari

Wazazi, walimu na viongozi wetu wa Fizi,

Tangu 1996 vita vimetukimbiza mara nyingi, na watoto wamepoteza miaka ya masomo. Vituo vya kufidia masomo vinawasaidia: miaka 6 ya shule ya msingi inasomwa kwa miaka 3. Lakini baada ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi wengi wanaishia hapo. Kijana wa miaka 17 anaona haya kuketi na watoto wa miaka 12. Kifaransa chake bado ni kidogo. Huko msituni wanamwita, na hawamwulizi cheti. Dada yake naye anaozwa.

Tutumie Julai na Agosti: Kifaransa na hesabu asubuhi 3 kwa juma, kisha kutembelea shule atakayoingia Septemba. Msichana mwenye mtoto aje naye.

Baba, asubuhi hizo usimpeleke shambani. Mwalimu, mpokee, na usikubali wenzake wamwite mzee. Akibaki darasani, sisi sote tutalala usingizi.