Pongezi za Jirani: Kenya 2007 na Sera Yetu ya Nje



Jioni ya 30 Desemba 2007, Samuel Kivuitu, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi wa urais. Giza halijaingia vizuri, Kibaki akawa ameshaapishwa Ikulu ya Nairobi. Siku chache baadaye Kivuitu mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama Kibaki ndiye aliyeshinda. Serikali za jirani zilikuwa na swali la kujibu upesi: tutume pongezi, au tungoje?

Wengi wetu tunazichukulia salamu hizo kuwa ni itifaki tu. Mimi nazihesabu kuwa uamuzi mzito wa sera ya nje. Ukishampongeza mmoja umetoa hukumu, na anayelia kwamba kaibiwa kura hatakubali tena uwe msuluhishi wake.

Rais Museveni wa Uganda alimpongeza Kibaki mapema, wakati viongozi wengi wa Afrika wakiwa kimya. Tusimlaumu kwa pupa. Uganda haina bahari. Mafuta yake hushushwa Mombasa, husukumwa kwa bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha malori huyavusha Busia na Malaba. Kampala haina budi kuelewana na yeyote aliyeko Ikulu ya Nairobi. Lakini pongezi zile hazikufungua njia. Mwezi Januari vijana waling'oa reli pale Kibera, reli ileile iliyokuwa ikibeba shehena za Uganda. Magharibi mwa Kenya ukazuka uvumi kwamba askari wa Uganda wamevuka mpaka. Kampala ikakanusha, lakini malori yakawa hayapiti ila kwa msafara wenye ulinzi. Bei ya petroli ikapanda hadi Kigali na Bujumbura, na maelfu ya Wakenya wakakimbilia Uganda.

Kuna lililoniuma zaidi. Museveni ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Alipofika Nairobi kusuluhisha, wafuasi wa Raila Odinga, mpinzani wa Kibaki katika uchaguzi ule, walishamwona ni mtu wa Kibaki. Jumuiya yetu ikabaki pembeni ya mgogoro wa mwanachama wake mkubwa kiuchumi, na kazi ikaangukia kwa Umoja wa Afrika, chini ya Kofi Annan, Graça Machel na Mzee Benjamin Mkapa.

Mazungumzo yalipokwama mwishoni mwa Februari, Rais Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa ndiyo kwanza ameupokea uenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikwenda Nairobi. Tarehe 28 walijifungia Kibaki, Raila, Annan, Mkapa na yeye. Upande wa Kibaki ulihofia kwamba cheo cha Waziri Mkuu, ambacho Raila angepewa, kingempokonya Rais madaraka. Kikwete akaeleza jinsi Tanzania inavyoendeshwa na Rais pamoja na Waziri Mkuu, huku Rais akibaki Rais. Mkataba wa kugawana madaraka ukatiwa saini alasiri ileile mbele ya Harambee House.

Hata hivyo, sisi Watanzania hatukuwa na usafi wa kujivunia. Januari 2001, baada ya mauaji ya waandamanaji Zanzibar, ndugu zetu zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, na Kenya ikawapokea. Waziri wetu wa Mambo ya Nje alikuwa Kikwete huyohuyo.

Naamini Kikwete alifanya sawa kusuluhisha Kenya, maana zaidi ya watu 1,100 walikuwa wamekufa huko. Lakini Tume ya Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi ule, ilikiri baadaye kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Wakenya walipewa serikali. Jibu la kura zao hawakupewa, na msuluhishi yeyote anayegawa vyeo ajue anawaomba wapiga kura wasamehe nini.

Mwaka 2017 tulirudia haraka ileile. Viongozi wa jirani walimpongeza Uhuru Kenyatta kwa ushindi wa urais wa Kenya mwezi Agosti; tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi. Katiba ya Kenya ya 2010 inaipa mahakama hiyo siku 14 za kuamua shauri la urais. Napendekeza wakuu wa nchi za Jumuiya wakubaliane kwa maandishi: shauri likiwa mahakamani, hakuna salamu za pongezi, na Mwenyekiti wa Jumuiya awe wa mwisho kuzituma.